Yowe Halina Chama

Usevya, 20 Oktoba 2024

Mdogo wangu Fabiani,

Pokea kwanza salamu za nyumbani. Sisi wazima, ukitoa mguu wa Baba, ambao mwaka huu umeamua kuvimba kabla hata mvua hazijaja. Anachechemea, lakini ukimwambia apumzike anakuuliza kama umeshamchimbia kaburi. Binti yangu Imakulata kamaliza darasa la saba na sasa anajua kila kitu, hata kupika anataka kunifundisha mimi. Specioza wako anaendeleaje? Mwambie asibebe ndoo, tumbo la miezi minane si la mchezo.

Barua hii nimempa Manyanda, kondakta wa basi la asubuhi. Usiniulize kwa nini sipigi simu. Ile sauti niliyokurekodia mwezi wa nane, nikisema mwenyekiti wa tawi lenu ana mdomo kama pipa la pombe, nimeisikia ikicheza kwenye simu yake mwenyewe pale mashine ya kukoboa. Nilikuwa nimekutumia wewe peke yako. Basi, toka siku hiyo mimi na wewe ni karatasi.

Wiki iliyopita simba alivunja zizi letu alfajiri. Shemeji yako Ngolo akapiga yowe. Unajua nani alifika wa kwanza? Baba, na mguu wake huo, mkuki mkononi, shati kageuza ndani nje. Wa pili Rozalia na mumewe, kutoka ng'ambo ya mto. Simba alikimbia na ndama mmoja. Nikamgombeza Baba, akanijibu lile neno lake la siku zote: "Yowe likilia huulizi ni la nani. Utauliza ukishafika." Na asiyetoka bado anatozwa jogoo, sheria haijabadilika.

Zile fulana za Mzinga ulizotuma zimefika, asante. Za rangi ya chungwa hivyo zitatufaa shambani, hata ndege wataogopa.

Sasa neno lenyewe. Unajua shemeji yako aliomba uenyekiti wa kijiji kupitia Mzinga, chama chenu. Kwenye kura za maoni aliongoza, watu walishuhudia. Jina likapelekwa juu, likarudi limekatwa. Sababu eti ni mhamiaji, kaja na ng'ombe. Miaka ishirini na mbili Ngolo yuko Usevya, kazaa hapa, kazika hapa, lakini bado ng'ombe wake ndio wanaoonekana. Jumatatu amehamia Ngazi na wamempitisha kugombea. Vijana wote wenye mifugo wamemfuata.

Baba kasema hatampa kura. Kasema mbele yake, wanakula sahani moja: "Mkwe, nakupenda, lakini mimi sikupigii wewe, nakipigia chama." Ngolo akacheka, akamsogezea paja la kuku. Nataka na wewe ucheke hivyo hivyo, Fabiani. Usikasirike. Na yale malori yenu ya vijana msiyalete huku.

Dada yako,
Marsela


Makanyagio, Mpanda, 29 Oktoba 2024

Dada Marsela,

Shikamoo. Barua imefika, Manyanda kanikabidhi stendi. Specioza kajifungua Jumamosi mtoto wa kike, wazima wote wawili. Tumempa jina la marehemu Mama. Kelele zake sasa, utadhani yuko kwenye kampeni! Kazi ya cherehani ipo ya kutosha, msimu huu nashona usiku na mchana, na vijana wa kata wamenichagua katibu wao. Mpe Baba pole ya mguu. Nimemtumia shati jipya la Mzinga, si fulana, ni shati lenye kola na mfuko, nimelishona mwenyewe na jina lake nimelitarizi kifuani.

Dada, kucheka sicheki. Unajua nimekaaje kwenye kikao juzi? Wanasoma majina ya wasaliti wa mkoa mzima, wanafika Usevya, wanasoma Ngolo, halafu wote wananigeukia mimi. Katibu wa vijana, shemeji yake msaliti! Nilitamani sakafu ipasuke.

Jina kukatwa si ajabu, hata wakubwa wanakatwa. Mtu anavumilia, anangoja zamu yake. Chama ndicho kilichomsomesha Baba kusoma na kuandika, chama ndicho kilichonipa cherehani ya kwanza. Ngazi imempa nini Ngolo? Fulana hata kuandika hawajui.

Mwambie ajitoe. Barua moja tu kwa msimamizi na mambo yanaisha. Nasema kwa mapenzi, wewe ni dada yangu na umenilea. Watu wa huku hawatanii mwaka huu. Wakishapanga jambo, mimi peke yangu siwezi kulizuia.

Mdogo wako,
Fabiani


Usevya, 10 Novemba 2024

Fabiani,

Hongera ya mtoto. Jina la Mama limepata mtu wa kulibeba, Mungu amkuze. Baba kafurahi mpaka kavaa shati lako siku ya Jumapili kanisani, padri akamwambia leo tumeletewa chungwa zima. Kifua mbele siku nzima. Salamu zimeishia hapo.

Alhamisi mchana lori lilikuja. Nilikuwa na Imakulata tunapepeta. Walishuka kama ishirini, fulana za rangi ya chungwa, nyuso wamezifunga vitambaa. Ngolo alikuwa Kibaoni. Waliingia zizini wakawashika maksai wetu wawili, wale wa kulimia, wakawakata mishipa ya miguu ya nyuma kwa panga. Hawakuwaua. Waliwaacha wakijiburuta kwa miguu ya mbele na kulia, na ng'ombe akilia hivyo, Fabiani, analia kama mtu. Kijana wa Ngolo wa kuchunga aliyejaribu kuwazuia, Ndaki, walimkanyaga mkono juu ya jiwe mpaka ukavunjika. Mmoja akanisogelea akaniambia, "Mwambie mumeo ashuke Ngazi kabla hatujaiangusha." Baba alitoka akawatukana matusi ambayo sijawahi kuyasikia kinywani mwake. Hawakumgusa. Waliliona shati, wakamwita mzee wetu.

Maksai tukalazimika kuwachinja wenyewe. Mvua ndiyo hiyo inakuja na hatuna cha kulimia.

Sasa sikiliza. Wakati wanatoka, mmoja alinasa kwenye miiba ya zizi, fulana ikachanika shingoni. Kipande nimekiokota, ninacho hapa. Shingo imeshonwa mara mbili, halafu mwisho wa mshono imerudishwa nyuma hatua tatu. Nani anashona hivyo? Mimi ndiye niliyekufundisha, kwenye cherehani ya Mama, ukiwa na miaka tisa, nikikupiga vidole ukisahau kurudi nyuma. Uzi wenyewe kijani, kwa sababu ukiishiwa uzi wewe unaweka wowote.

Bombani sasa tuna foleni mbili. Wanawake wa Mzinga wanachota asubuhi, wa Ngazi wanangoja. Rozalia alinipita bila kunisalimia, Rozalia aliyenizalisha Imakulata. Siku hiyo hiyo ya lori tulipiga yowe, lakini wa ng'ambo ya mto hawakuja. Wakasema walidhani ni mkutano wa hadhara.

Jioni Ngolo anawakusanya vijana wake, wananoa mapanga. Nakuuliza swali moja tu, unijibu: ulijua?

Marsela


Usevya, 17 Novemba 2024

Fabiani,

Manyanda anasema barua kakupa mkononi mwako. Wiki nzima sasa. Baba anauliza kwa nini mwanawe haandiki. Nimemdanganya kwamba mtoto anaumwa tumbo.

Marsela


Makanyagio, 22 Novemba 2024

Dada,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa, kazi zimebana. Mtoto hajambo, tumbo lilimsumbua kweli kidogo.

Pole kwa maksai. Mafundi wanaoshona fulana za chama Mpanda ni wengi, na wote tunanunua uzi duka moja. Sina zaidi la kusema juu ya hilo.

Jumatano ndiyo kura. Nakuomba jambo moja na usiniulize maswali. Wewe na Imakulata msikae karibu na kituo, pigeni kura mapema mrudi ndani. Baba avae lile shati. Asitoke bila lile shati, umenielewa? Akilivaa, hakuna mtu yeyote atakayemgusa.

Mdogo wako,
Fabiani


Usevya, 8 Desemba 2024

Fabiani,

Baba tumemzika. Najua unajua. Nakuandikia kwa sababu kuna mambo ambayo hakuna atakayekwambia, na kwa sababu ulisema hakuna atakayemgusa.

Jumatano asubuhi nilimvalisha shati lako kwa mikono yangu mwenyewe. Nililipiga pasi. Nilipiga kura na Imakulata saa mbili, tukarudi, kama ulivyoagiza. Yeye alisema atakwenda saa nne foleni ikipungua, mguu haupendi kusimama. Alikuwa amekaa uani anapaka viatu rangi, kadi ya chama na kitambulisho mfukoni.

Saa nne kasoro lori likaja upande wa shule. Mara yowe. Lilianza kituoni, likapokelewa madukani, likafika kwetu. Fabiani, mimi nilimshika. Nilimshika mkono, nikamwambia, "Baba, hili ni la vyama, hili si letu." Alinitazama kama mtu anayemtazama mjinga. Akaniambia, "Marsela, yowe halina chama." Akachukua fimbo akakimbia. Viatu kimoja kina rangi, kimoja bado.

Nilimfuata, lakini nilirudi kwanza kumfungia Imakulata ndani. Nilipofika, vumbi lilikuwa limejaa na lori linageuza. Vijana wenu walishapanda, na wa Ngazi walikuwa wanawafuata kwa marungu na mapanga, wanapiga chochote chenye rangi ya chungwa. Wamekatwa watu watatu pale. Mmoja alikuwa amekaa chini anashikilia shavu lake lisidondoke. Baba alikuwa ametoka upande wa lori, kwa sababu njia ya kwetu inatokea hapo. Walimwona shati. Hakuna aliyemwona uso.

Sitakueleza kichwa chake. Nilimtambua kwa kiatu.

Aliyempiga wa kwanza simtaji. Usinitumie mtu kuniuliza.

Ngolo ameshinda uenyekiti. Watu wa Mzinga waligoma kuja msibani, eti msiba uko nyumbani kwa Ngazi. Watu wa Ngazi walikuja lakini hawakuinua macho. Kaburi limechimbwa na katekista Enoka na watu wanne, na wanawake tumebeba udongo kwa mabeseni. Halafu likaja gari kutoka Mpanda, likaleta bendera ya chama ya kufunika jeneza, na kijana mwenye kamera. Wewe hukuwemo. Bendera niliitupa chooni mbele yake, akaipiga picha hiyo pia.

Mwana wa pekee wa kiume na hukuja kumwaga udongo kwa baba yako. Sijui nikuite nani.

Marsela


Makanyagio, 19 Januari 2025

Dada Marsela,

Shikamoo. Nimeandika barua hii mara sita na kuichana. Specioza ndiye kaniambia nisipoituma atarudi kwao.

Kwanza nimalize la chama. Kamati inaomba kadi ya Baba, ile ya zamani yenye namba ya chini. Wanataka kuiweka ofisini ndani ya kioo pamoja na picha yake. Wamesema mwaka huu wataniangalia kwa udiwani, mtoto wa shujaa. Nimeahidi kukuuliza, na nimekuuliza. Sasa naomba usiwape.

Dada, nilijua. Maksai nilijua. Fulana nilishona mimi, na lori nilitafuta mimi kwa mtu wa mchele. Niliwaambia wavunje uzio na watishe tu. Nilijidanganya hivyo kwa sababu kikaoni walishaanza kunitazama vile, nikaona nisipowapa Ngolo, watanichukua mimi.

Na Jumatano nilikuwepo. Nilikaa mbele, karibu na dereva. Niliwaona watu wa Ngazi wakija, wengi kuliko tulivyotegemea, na vijana wetu wakirudi wanatoka damu. Halafu nikamwona Baba. Anachechemea, fimbo juu, anakuja upande wetu. Nikafikiri anakuja kutusaidia sisi. Mungu anisamehe, nilifurahi. Nikasema moyoni, mzee ni Mzinga kweli kweli. Halafu nikaona wanamfuata kwa nyuma. Nilikuwa na nafasi ya kushuka. Mlango ulikuwa upande wangu. Nikamwambia dereva, "Ondoa gari."

Kwenye kioo nilimwona akianguka. Sikumwona aliyempiga, na mpaka leo nashindwa kula kwa sababu hiyo. Nasikia polisi waliwachukua sita wakawaachia, hakuna anayesema. Ni nani, dada? Niambie jina. Cherehani imefungwa, siwezi kukanyaga.

Nataka kuja kaburini. Niambie kama nije au nisije.

Mdogo wako,
Fabiani


Usevya, 9 Machi 2025

Mdogo wangu Fabiani,

Salamu kutoka nyumbani. Imakulata kaanza kidato cha kwanza, sare kaipenda. Mahindi yamekomaa. Mpunga tulilima kwa majembe ya mkono, mgongo wangu si wangu tena. Mbusu mtoto mwenye jina la Mama.

Kadi siwezi kuwapa hata kama ningetaka. Nimemzika nayo, pamoja na shati. Liliganda mwilini, halikuvulika.

Hakuwa anakuja kwenu, Fabiani. Hilo uliweke kichwani. Baba hakuja kwa Mzinga wala kwa Ngazi. Alikuwa anakimbilia yowe.

Jina umeomba, nakupa. Ni Ngolo. Alimpiga rungu kwa nyuma, kwenye shingo, kabla ya wengine wote. Baba aligeuka, akamtambua, akasema, "Mkwe." Wengine waliokuwa wanakuja nyuma hawakusikia, wakamalizia. Ngolo alinieleza yote usiku ule ule, amepiga magoti. Nikamficha. Miezi mitatu nimelala na siri hiyo, nimempikia, nimemfulia, naye analala zizini kwenye nafasi ya maksai. Mkutano wa kijiji aliitisha mmoja tu, akaufunga kabla ya ajenda ya kwanza. Jumatano iliyopita, bila kuniaga, alivaa koti lake, akaacha muhuri wa kijiji juu ya meza, akaenda kituo cha polisi kwa miguu. Bado wanaye. Ngazi wanamwita msaliti sasa, kama nyie mlivyomwita.

Nilitaka kukuandikia barua ya kukulaani. Niliitunga yote kichwani, nzuri kabisa, ungetapika. Nilikuwa naianza alfajiri ya Ijumaa, nakoroga uji huku natafuta kalamu, ndipo yowe likalia ng'ambo ya mto.

Nilisimama mlangoni. Majirani nao walisimama milangoni kwao, kila mtu anamtazama mwenzake, hakuna anayetoka. Nikamsikia jirani yangu anauliza, "Upande huo ni wa chama gani?" Mwingine akajibu, "Wa Mzinga." Tukarudi ndani. Yowe liliendelea mpaka uji ukaiva. Halafu likanyamaza.

Ilikuwa ni Rozalia. Tembo waliingia kwenye mahindi yake, mumewe yuko safarini, akatoka na debe kuwafukuza peke yake. Tumemkuta saa mbili. Walikuwa wamemkanyaga mpaka amezama kwenye tope, debe limebaki mkononi. Watu ishirini wenye madebe wangewarudisha porini, kama kila mwaka. Mikono ya Rozalia ndiyo ya kwanza kumshika mwanangu duniani.

Yule jirani aliyeuliza ni wa chama gani sikukwambia jina. Nimekuandikia uongo hapo juu, na nimechoka na uongo. Hakuna jirani aliyeuliza. Niliuliza mimi.

Njoo, Fabiani. Uje bila rangi yoyote. Sina la kukuhukumu. Tutakwenda makaburi mawili. Kwa Baba tutakaa kidogo tu, maana sijui nitamwambia nini. Alikimbia kwa mguu mmoja mbovu, na mimi nina miwili mizima.

Dada yako,
Marsela